Parachuti Inatumika

Siku ya nne ya msiba, mikeka ya matanga hatujaikunja bado, wanaume watatu wenye tai waliingia uani kwangu Namakwekwe. Tai, hapa Mbale, saa saba mchana, mwezi wa pili! Nikajua hawa wametoka Jinja, na wametumwa na jambo wanaloliona kubwa.

Aliyetangulia akajitambulisha kuwa ni Bwana Dauda, mwenyekiti wa Kamati ya Kumuenzi Bingwa. Bingwa mwenyewe ni marehemu mume wangu, Zubairi Bakhit, aliyekuwa koplo katika jeshi lile la zamani, lile ambalo siku hizi humpati mtu aliyewahi kulitumikia. Ukiuliza, kila mmoja alikuwa mpishi.

"Mama Shamim, pole sana," akasema. "Taifa limepoteza shujaa."

"Taifa limejuaje?" nikamuuliza. Maana miaka kumi na saba Zubairi alikaa pale nje kwangu, chini ya bati, akiziba pancha za baiskeli, na sikuwahi kuliona taifa likija hata kujaza upepo.

Bwana Dauda akacheka kidogo. Watu wa tai hucheka mjane akisema, wasije wakamliza. Akanieleza kwamba Jinja sasa inainuka. Vita vimekwisha, Wahindi wanarudi kwenye maduka yao, na wazungu wameanza kuja kupita kwenye maporomoko ya mto kwa mashua za mpira huku wakipiga makelele. Kamati imegundua kwamba mzungu anampenda sana mtu anayejirusha kutoka juu, basi Jinja nayo inataka mtu wake aliyejirusha. Watajenga mnara karibu na mto. Chini ya mnara patakuwa na kabati la kioo, na ndani ya kabati vitu vya bingwa.

"Tunaomba vitu viwili tu, mama. Kikombe cha ubingwa, na parachuti."

"Kikombe kipo," nikasema. "Parachuti inatumika."

Akaandika kwenye daftari lake: inatumika. Kisha akainua kichwa. "Anaitumia nani?"

"Mtu."

"Atairudisha lini?"

"Siku ya kiyama."

Wakacheka wote watatu, na yule wa nyuma akanywa chai yangu yote. Wakasema sherehe itakuwa siku ya arobaini, na mgeni rasmi ameshapangwa. Nikamwangalia yule Dauda, na jina lake lile la nabii, nikashangaa kwao walimfundisha nini. "Bwana, mimi nina eda. Miezi minne na siku kumi sitoki nyumba hii." Akasema lakini mgeni rasmi ameshakubali. Nikamwambia mgeni rasmi hakufiwa. Wakaondoka wakinong'ona, na baadaye ikaja barua kwamba sherehe imesogezwa mpaka nitoke eda.

Ulimi wangu mkali, najua. Marehemu mama alikuwa akiniambia, "Hajara, na mdomo huo utakosa mume." Nikampata anayeruka kutoka kwenye ndege. Mtu wa namna hiyo utamtisha kwa maneno?

Sasa nikuambie ubingwa ulivyopatikana, maana kwenye mnara hawataandika.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane, uwanja wa ndege wa Jinja. Katikati ya uwanja walitandika shuka nyeupe mbili zilizokatizana. Waruke askari kumi, na atakayetua karibu zaidi na pale shuka zinapokutana ndiye bingwa. Mchezo rahisi, hata mbuzi angeuelewa. Lakini wakati ule kulikuwa na Mkubwa, kamanda wa kambi, jina lake silitaji, mwacheni alale. Mkubwa hakupenda mambo ya kubahatisha. Kwa hiyo mashindano yalikuwa Jumamosi, na mshindi alichaguliwa Jumanne.

Siku hiyo ya Jumanne alimpelekea kikombe sonara Kantilal. Wahindi wenzake walikuwa wamefukuzwa miaka sita nyuma, lakini Kantilal aliachwa, kwa sababu medali za Mkubwa zilikuwa zikiongezeka kila mwezi na lazima apatikane wa kuzichonga. "Andika: Koplo Zubairi Bakhit, Bingwa," Mkubwa akamwambia. Kwa nini Zubairi? Alikuwa mrefu, meno yake yamepangika, na Mkubwa alitaka picha nzuri gazetini. Basi. Kantilal, maskini, akauliza, "Afande, kama mwingine nashinda?" Mkubwa akamjibu, "Mwingine nani?" Kantilal akachukua patasi yake akachonga.

Jumamosi ikafika. Tatizo ni kwamba upepo haukuwa umepewa taarifa. Wote waliruka vizuri, lakini Zubairi wangu alipofungua parachuti akabebwa juu ya uwanja, juu ya nyumba za wafanyakazi wa viwanda, akapita huyo, mpaka Masese kwenye wavuvi. Akatua katikati ya mukene, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, waliokuwa wameanikwa juani. Mwenye mukene alikuwa mwanamke mmoja jina lake Betty. Betty hakujali kama ni jeshi ama ni malaika. Alichukua ufagio akampiga nao usoni mpaka wenzake wakamshika. "Unajua niliamka saa ngapi kuanika hii?" alikuwa akipiga kelele. "Unajua?"

Mchekeshaji mkubwa ni Mungu. Betty huyo alikuwa mke wa Otiende, rafiki wa damu wa Zubairi, Msamia wa Busia, wa kikosi kimoja naye. Na wakati mkewe anamchapa bingwa huko Masese, Otiende alikuwa ameteremka uwanjani taratibu, akaweka visigino vyake vyote viwili pale pale shuka zinapokutana. Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu haya. Watu walipiga makofi, halafu wakamtazama Mkubwa, halafu wakaacha.

Tukangojea saa nzima. Zubairi akaletwa amepakiwa nyuma ya baiskeli, ananuka samaki, magamba kwenye nyusi. Uso ulikuwa umevimba kwa ufagio, kwa hiyo ikabidi apigwe picha na kofia ya chuma na yale miwani makubwa ya kuruka. Ndiyo picha iliyotoka gazetini. Meno aliyochaguliwa kwa ajili yake hayakuonekana hata moja. Kantilal akamsogelea Mkubwa akamwambia kwa adabu kwamba jina aweza kulifuta, nusu saa tu. Mkubwa akamwambia, "Na wewe naweza kukufuta." Kantilal akarudi kwenye kiti chake.

Jioni ile Zubairi alichukua kikombe mpaka kwa Otiende. "Shika, ndugu yangu. Ni chako." Otiende akakataa. "Kina jina lako. Nikionekana nacho nitaitwa mwizi." Wakacheka, wakala ugali na ile mukene iliyokaliwa, na kikombe kikarudi nyumbani kwetu. Na mimi, sitakudanganya, nilikipokea. Nilikisugua kwa majivu nikakiweka juu ya kabati, nikakitandikia kitambaa cha kufuma. Sokoni wanawake walinipisha: huyo ndiye mke wa bingwa. Nilijua nani ametua wapi. Nilikipenda vilevile.

Mwaka uliofuata vita vikaja. Redio ikasema asubuhi tunashinda, jioni ikapiga muziki, kesho yake ikanyamaza. Mkubwa aliondoka usiku na gari mbili za magodoro. Sisi Wanubi tukabaki tukitazamana. Babu zetu waliletwa huku na bunduki za Waingereza, kila serikali ikatupenda kwa bunduki hiyo hiyo, na sasa bili ikaletwa kwetu. Mtu alikuwa anatazamwa anavyosema Kiswahili, kwamba hiki ni Kiswahili cha kambini. Na waliokuja kutukomboa nao walisema Kiswahili, tena kizuri kuliko chetu! Lakini nani angekuuliza wewe unasema cha wapi?

Tukafunga mizigo twende Mbale kwa shangazi yangu. Zubairi alisema maneno machache sana siku ile, na haya nayakumbuka. "Hajara, acha kikombe. Acha na hiyo parachuti." Maana parachuti aliyoangukia nayo Masese ilichanika, jeshi likaitupa, nami nikaiokota. Sasa niambie, mwanamke wa Kinubi, aliyefundishwa kutarizi kabla ya kufundishwa kutembea, aache nguo laini namna ile, mita na mita? Nilikuwa nimeshapanga mashuka ya harusi ya Shamim, na Shamim alikuwa bado ananyonya. Nikasema sawa, nimeacha. Nikakizungushia kikombe ile parachuti, nikavificha chini kabisa ya furushi, chini ya nguo za mtoto. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu hata dawa halikuiona.

Otiende alikuja alfajiri. Alikuwa amemtanguliza Betty na watoto Busia kwa wazazi wake. "Njia ni mbaya kwenu," akasema. "Mimi lugha za njiani nazijua. Nawafikisha Mbale, kisha nageuka naenda kwangu." Hakuwa na sababu ya kuja. Angekuwa ameshafika kwa mkewe. Tukapanda nyuma ya lori la mahindi, sisi wanne na watu wengine.

Tulipopita Iganga tukasimamishwa. Hawakuwa wale askari wa Tanzania, hao walikuwa bado nyuma. Hawa walikuwa watu wa hapa hapa, bunduki wamezipata wiki ile, na kila mmoja alikuwa na maiti yake nyumbani aliyoidai kwa jeshi letu. Siwezi kuwalaumu sana, lakini siwezi kuwapenda. Walitushusha wakafungua mizigo. Furushi langu wakalimwaga, nguo za Shamim zikatawanyika kwenye vumbi, na kikombe kikatoka kwenye ile nguo nyeupe kikabingirika mpaka mguuni kwa mkubwa wao.

Akakiokota. Alikuwa na jicho moja jekundu. Kusoma alijua kiasi: akaona alama ya parachuti iliyochongwa, akasoma "bingwa", majina hakuyashughulikia. Gazeti alikuwa ameliona, kama kila mtu, ile picha ya kofia na miwani.

"Nani shinda hii?" akauliza.

Zubairi alikuwa amesimama amembeba Shamim begani. Nilimtazama. Alitazama chini. Mimi nilikuwa nimepiga magoti naokota nguo, na mdomo wangu huu, unaojulikana tangu Jinja mpaka Mbale, ulikuwa umekauka. Shamim alikuwa anacheza na sikio la babake.

Otiende akajifuta mikono kwenye suruali. Akapiga hatua moja mbele.

"Nilishinda mimi," akasema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeitikia jina shuleni. Mpaka leo sijui. Labda alimwona mtoto begani kwa rafiki yake. Labda alikuwa mtu aliyengoja mwaka mzima aulizwe swali lile, na hao ndio watu wa kwanza waliomuuliza. Nimelifikiria hili nikipika, nikiswali, nikigombana na watu sokoni, na sijui.

Wakampeleka nyuma ya kichuguu kilichokuwa kando ya barabara. Tukasikia. Kisha wakapanda gari lao wakaenda, kikombe wakakitupa, na dereva wa lori akawasha injini akaondoka na wale wengine bila kutungoja. Zubairi akaenda kuomba jembe kwenye nyumba ya karibu. Alichimba mpaka jua likageuka. Mimi ndiye niliyemfunga Otiende kwa ile parachuti, nikaikunja mara nne kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko sanda yoyote niliyowahi kuiona. Nilikata kamba zake kwa meno.

Basi. Bwana Dauda hakujibiwa, lakini wewe sasa unajua nani anaitumia.

Kikombe nilikichukua. Usiniulize kwa nini, nilikuwa nimeshindwa kukiacha kikiwa heshima, ningekiachaje kikiwa ushahidi? Tulifika Mbale kwa miguu na kwa huruma za watu. Zubairi akaanza kuziba pancha. Mtu aliyeruka kutoka mawinguni hakupanda tena hata ngazi. Bati letu lilivuja miaka kumi na saba, na kila masika niliweka sufuria chini ya tundu lile lile, nikimwambia, "Bingwa wa anga, hebu panda futi nane." Alikuwa akitabasamu tu. Na kila mwezi wa nne alivaa kanzu safi akasema anaenda Iganga kununua spoki. Mbale imejaa spoki.

Watu nao, uongo wao ulikua vizuri bila mbolea. Mmoja alisema Zubairi aliruka bila parachuti. Mwingine akasema alitua juu ya mkono wa Mkubwa kama kasuku. Vijana walikuja kumuuliza, "Mzee, ni kweli?" Hakukubali, hakukataa. Alisema, "Lete hiyo baiskeli."

Na Betty? Betty alikuja mara moja, mwaka wa themanini na moja, na mtoto mgongoni. Alikuwa akiuliza nyumba kwa nyumba. Zubairi alikuwa nje. Alipomwona akaingia chooni, akakaa humo. Mimi nikampokea. Nikamkalisha. Nikamwambia, "Otiende alishuka Iganga. Alisema anaenda kwako." Nusu yake ni kweli, na ile nusu ndiyo mbaya. Nikampa chai. Baadaye watu wakasema Otiende ameonekana Kisumu, ana mwanamke mnene na duka la sabuni. Watu hawashindwi kumwona mtu. Betty akarudi Masese kwenye mukene zake, na kila aliyepita alisikia akimtukana mumewe wa Kisumu. Nilisikia hata mimi, kwa wanaokuja kuuza samaki Mbale. Nilinunua samaki nikanyamaza.

Ungeniuliza kwa nini, ningekuambia vita, ningekuambia hofu. Ukweli ni kwamba ili nimwambie Betty mumewe yuko wapi, ingebidi nimwambie kikombe kilitoka kwenye furushi la nani.

Zubairi akafa mwaka huu wa tisini na sita, mwezi wa kwanza ukiisha, homa ya siku tatu. Ujue ilivyo kwetu: kabla ya kumswalia maiti, imamu husimama mbele ya jeneza akauliza kama yuko mwenye haki yake kwa marehemu, aseme, familia ibebe, ili mtu aende mwepesi. Wanawake tuko ndani, lakini dirishani tunasikia. Imamu akauliza. Mzee Asadu wa pale kona akasema marehemu alikuwa na pampu yake ya baiskeli. Pampu ikaletwa, akaikagua, akasema sawa. Imamu akauliza, "Mwingine?"

Mwingine alikuwa Masese anageuza samaki. Nilishika chuma cha dirisha. Nikasema moyoni, sasa, Hajara, sema. Nimewahi kumjibu hakimu, nimewahi kumfukuza mtoza ushuru kwa mwiko. Imamu akangoja kidogo, akasema Allahu akbar, wakaswali, wakamwinua. Akaenda na mzigo wake, na mimi ndiye niliyemwacha aende nao.

Eda ndiyo iliyonimaliza. Miezi minne na siku kumi, ndani, nguo nyeupe, hakuna soko, hakuna mtu wa kugombana naye. Mimi na kikombe juu ya kabati. Nikikigeuza uso ukutani kinang'aa kwa nyuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini hawasemi kifo cha nani.

Nilipotoka eda, sherehe ilikuwa imebaki siku mbili. Nikaenda Jinja, nikafikia kwa binti yangu Shamim, aliyeolewa Mafubira. Kesho yake nikakifunga kikombe kwenye kanga nikaenda mjini, mtaa wa masonara. Kantilal yuko. Amekuwa mzee, shingo imeingia mabegani, na mbele ya duka amekaa mpwa wake Mansukh aliyerudi kutoka ng'ambo na anayesema Kiingereza cha puani. Nikakiweka kikombe juu ya meza. Kantilal hakuhitaji kukisoma. Alipitisha kidole juu ya herufi zake mwenyewe.

"Futa," nikamwambia. "Andika Otiende."

Akachukua patasi yake. "Mama, miaka kumi na nane mimi nangoja kazi hii." Mpwa akauliza itakuwa bei gani. Mzee akamwambia kwa Kigujarati neno moja, na Mansukh akatoka nje kutazama magari. Alimaliza kwa nusu saa, kama alivyosema siku ile.

Siku ya sherehe kamati ikaniletea gari Mafubira. Gari zuri, limefungwa utepe, na dereva ana glavu! "Mama, twende, mgeni rasmi anafika saa nne." Nikamwambia tupitie Masese kwanza. Akasema hana ruhusa. Nikamwambia, "Mwanangu, bila mjane huna sherehe. Washa gari."

Betty alikuwa pale pale, kwenye nyavu zilizotandikwa chini, ameinama anageuza mukene. Amezeeka. Na mimi nimezeeka. Aliponiona aliinuka, mkono kiunoni.

"Hajara. Pole na Zubairi," akasema. "Wako alikufa mikononi mwako. Mimi wangu yuko Kisumu ananenepa."

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia furushi, kikombe, swali, jibu, kichuguu. Nilimwambia nani alificha kikombe na nani alinyamaza. Wanawake wengine waliacha kazi. Nilipomaliza nikamfungulia kanga, nikampa kikombe, nikajiweka tayari kwa ufagio, maana ulikuwa pale mguuni kwake.

Hakuuchukua. Alikaa chini juu ya samaki wake mwenyewe.

"Kisumu," akasema. Kisha akasema tena, "Kisumu. Nimemtukana miaka kumi na mitano. Nimewafundisha watoto wake wamtukane. Otiende wangu." Akalia, na mimi nikalia, na ni kilio kibaya, cha wanawake wazima mbele ya watu na nzi. Aliponyamaza akanitazama usoni. "Na wewe ulinipa chai, Hajara. Nilikuja kwako na mtoto mgongoni, ukanipa chai. Ulitia tangawizi."

Nikaikunja ile kanga mara nne.

"Nipeleke," akasema.

Dereva alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kazi yake. Tukaingia nyuma, Betty na magamba yake juu ya kiti cha mgeni, kikombe mapajani, na lile gari la utepe likatupeleka Iganga na kupita. Njiani watu walitupungia mkono wakidhani ni harusi. Nilimwonyesha dereva jiwe la maili, hapo asimame. Kichuguu bado kipo, kimekuwa kikubwa. Mbele yake pana sehemu ambayo jembe la mtu lilikuwa likipalilia kila mwezi wa nne, na mwaka huu haikupaliliwa, majani yamefika magotini.

Betty akasimama. "Kichwa kiko wapi?"

"Huku. Tulimlaza ubavu wa kulia, uso kibla," nikasema. "Hatukujua kuzika namna nyingine."

"Kibla!" Akapangusa macho. "Mtu hata kanisani alikuwa haendi, mkamwelekeza Maka." Akacheka, wallahi alicheka, kisha akang'oa majani kwa mikono, nami nikang'oa upande wangu, mpaka pakawa peupe. Akakiweka kikombe katikati, akakisukuma kidogo, akakirudisha.

"Walipouliza, alisemaje? Neno lenyewe."

"Alisema, 'Nilishinda mimi.'"

"Na bwana yako?"

"Alinyamaza."

"Na wewe?"

"Nilinyamaza, Betty."

Akanishika mkono, kwa nguvu, ule mkono wake wa samaki, akanivuta mpaka mbele ya kikombe.

"Sasa sema."

Nikainama. Nikasema, "Ulishinda wewe, Otiende." Sauti ikatoka ndogo, ya mtu mwingine kabisa.

"Kwa nguvu, Hajara," akasema Betty. "Jinja ni mbali."